Vitumbua si wazo la video

"Dada, mawazo yameniishia. Kila kitu kimeshafanywa." Ujumbe wa namna hii hauishi kunifikia, na wa safari hii umetoka kwa kijana ambaye chaneli yake ya mapishi ndiyo kwanza inaanza kuchangamka. Ananieleza kwamba ameingia YouTube, ameandika "vitumbua", amekuta video zimejaa, basi ameona vitumbua havina nafasi tena. Amehamia kwenye pilau, nayo imejaa. Chapati ndiyo usiseme. Nimelijibu jambo hili inboksi mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naliandika hapa kwa urefu, na atakayeniuliza tena nitamtumia kiungo.

Vitumbua si wazo la video. Vitumbua ni chakula. Wazo linaanza pale unapojua ni nani amekwama, na amekwama wapi. "Vitumbua vyangu vinanata kwenye chuma kipya" ni wazo. "Vinaiva nje, ndani vinabaki uji" ni wazo jingine. "Nimetumia unga wa mchele wa dukani, haukuumuka vizuri" ni la tatu. Yote yanahusu vitumbua, lakini ni video tatu zenye watazamaji watatu, na majibu hayakaribiani hata kidogo. Wa kwanza anahitaji kuonyeshwa namna ya kukiandaa chuma: kioshwe, kikaushwe motoni, kipakwe mafuta na kuachwa mpaka kianze kutoa moshi, kipoe, kisha arudie. Na aambiwe asikimbilie kugeuza, maana kitumbua kisichoshika rangi chini hakitaki kuachia. Wa pili shida yake ni moto mkali na vitundu vilivyojazwa pomoni. Wa tatu anahitaji kujua kwamba unga mkavu hunywa tui taratibu, hauwi sawa na mchele uliolala kwenye maji usiku kucha, na kwamba kuna wanaopika sehemu ndogo ya unga kama uji ndipo wachanganye na uliobaki.

Sasa rudi kwenye hizo video unazosema zimejaa, uzitazame kweli, usiishie kuhesabu vichwa vya habari. Karibu zote zinaanza na mchele kwenye bakuli na kuishia na sahani. Zote zinajibu swali moja: vitumbua hupikwaje. Mama ambaye dakika hii kitumbua chake kimegandia, jiko limejaa moshi na watoto wanasubiri chai, hana haja ya kuonyeshwa mchele unavyolowekwa. Anataka dakika mbili za chuma. Huyo hajapikiwa video, na wewe unaniambia mada imekwisha!

Maswali yapo kwenye komenti, ila lazima ujue kuzisoma. "Mashallah", "hongera dada", emoji za moto na mioyo, zinafurahisha lakini hazikupi kazi. Tafuta zinazoanza na "mbona": mbona zangu zilikuwa ngumu, mbona tui langu limekatika, mbona yako nyeupe yangu ya kijivu. Kila "mbona" ni mtu aliyejaribu nyumbani, ametumia unga wake na mafuta yake, na ameshindwa. Mimi nayanakili kwenye daftari maneno yenyewe kama alivyoyaandika, kwa sababu mara nyingi hayo ndiyo yanakuwa kichwa cha video. Ukiyasafisha yakawa "mbinu bora za kuandaa", umeshampoteza aliyeuliza.

Na usiishie kwenye komenti zako. Nenda kwenye chaneli kubwa, shuka chini kabisa, utakuta maswali yaliyokaa miezi bila jibu. Hapa ndipo ninapogombana na wenzangu, wanasema huo ni wizi. Hapana, jamani. Swali ni la aliyeuliza, si mali ya mwenye chaneli. Wizi ni kuchukua maelezo ya mtu neno kwa neno, mpangilio wake wa picha, kava yake (ile picha ya mbele ya video) ukabadilisha sura tu, ukaita kazi yako. Hilo linafanyika kila siku, na cha ajabu wanaolifanya ndio wanaoficha mawazo yao wasiibiwe. Mtu akiniambia "nina wazo kali lakini siwezi kulisema", najua tayari kwamba ana mada, hana wazo. Angekuwa na swali la mtu halisi angekuwa jikoni anatafuta jibu.

Kuna maswali ambayo watu hawayaandiki kabisa. Fungua Studio ya YouTube, ingia kwenye takwimu za video, tazama grafu ya utazamaji. Wengi wanatazama pale ilipoporomoka, wanahuzunika, wanafunga. Mimi natafuta kinundu, pale mstari unapopanda ghafla kwa sababu watu wamerudisha nyuma kutazama tena. Kwenye video yangu moja ya pilau kinundu hakikuwa kwenye nyama wala kwenye kutia mchele. Kilikuwa kwenye kitunguu, zile sekunde ambapo kinaacha kutoa maji na kuanza kugeuka rangi. Hakuna komenti hata moja iliyotaja kitunguu, lakini watu walikuwa wanarudi palepale, wanatazama, wanarudi tena.

Nikapiga video ya kitunguu peke yake. Kwa nini kikijazana sufuriani kinachemka kwenye maji yake badala ya kukaangika, kinalainika lakini kinabaki cheupe, halafu pilau inatoka imepauka na mtu anaanza kutafuta rangi ya kutia. Namna kinavyopita kwenye dhahabu, kikaingia kahawia, na kwamba kikishafika kahawia iliyoiva muda ulionao ni mchache sana kabla hakijawa kichungu, ndipo unarushia maji kidogo au unatia nyama. Hakuna mtu angeliona hilo kama mada. Kijana wetu angeniambia kitunguu nacho kimeshafanywa.

Kisanduku cha kutafutia nacho kinasaidia, nitakipitia haraka. Kitumie ukiwa hujaingia kwenye akaunti yako, la sivyo kinakurudishia mambo yako mwenyewe. Andika "kwa nini chapati", uone kinavyomalizia. Ongeza herufi moja, uone tena. Jaribu na maneno ya majirani: Mombasa watatafuta mahamri, Dar watatafuta maandazi. Basi.

Watu wengine wanaoniletea mawazo kuliko wote ni ndugu walio mbali. Mtu wa Muscat au wa London hana shida ya mapishi, anayajua kutoka kwa bibi yake. Shida yake ni vitu. Nazi ya kukuna hana, ana tui la kopo. Chuma cha vitumbua hana. Na hapa kuna jambo zuri sana: Denmark wana kikaango chenye vishimo vya duara, wanakitumia kwa vitafunwa vyao viitwavyo æbleskiver, na kitumbua kinakaa humo bila ugomvi. Wajapani wana cha takoyaki, vishimo vyake vidogo zaidi, unapata vitumbua vya kumeza mara moja. Wahindi wa kusini wana cha paniyaram. Swali la "nitafanyaje, sina chuma" lina video kadhaa ndani yake, na sisi wa Tanga au Mombasa hatuwezi kulifikiria wenyewe kwa sababu chuma tunakikuta sokoni.

Trendi je? Najua kinachowakimbiza huko. Ili YouTube ianze kukulipa sehemu ya matangazo unatakiwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zako, zile video fupi, zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ukiziona namba hizo unataka njia ya mkato. Sikatai, trendi inaleta watu. Lakini kumbuka ile kahawa ya dalgona mwanzoni mwa 2020, wakati wa korona: kahawa ya unga, sukari na maji ya moto kwa vipimo sawa, unapiga mpaka povu linasimama. Dunia nzima ilipiga povu. Leo ni nani anaitafuta kwa wingi ule? Swali la chapati kukauka zikipoa lilikuwepo kabla ya dalgona na lipo mpaka sasa. Ukitaka trendi, iulize inakwama wapi kwa watu wako. Povu halisimami ukitumia kahawa ya kuchemsha badala ya ile inayoyeyuka yenyewe, na hilo wengi jikoni kwetu hawakuambiwa. Hiyo ingekuwa video yako. Kurudia povu la wengine ni kupanga foleni.

Wengine sasa wanaiuliza akili mnemba iwape mawazo hamsini ya video za mapishi. Inatoa hamsini, tena kwa haraka: pilau ya nyama, pilau ya kuku, biriani, chapati za maji. Ni majina ya vyakula, yaani palepale tulipoanza. Haijui ni nani kaunguza nini jana. Ukiipa maswali yako mwenyewe ikusaidie kuyapanga, hapo inafaa.

Sasa niseme yanayonitatiza, maana wanaofundisha mambo haya huwa wanayaruka. Komenti zinaandikwa na waliobaki. Aliyeondoka sekunde ya ishirini hakuandika chochote, na huenda ndiye niliyemhitaji zaidi. Kwa hiyo ukifuata komenti peke yake unaweza kujikuta unawapikia watu walewale miaka nenda rudi, chaneli imetulia lakini haikui. Pia kuna video niliyoitoa kwenye swali safi kabisa, la watu wengi, ikalala. Na kuna nyingine niliyoipiga bila mpango ikapaa. Nashuku sehemu kubwa ya sifa tunazolipa wazo ni za kava na kichwa cha video, na sina njia ya kuvitenganisha, kwa sababu video yenye swali kali huzaa kichwa kikali. Na swali likiwa jembamba sana, unapata watu wachache wanaokupenda sana. Wengine wanaridhika na hilo. Mimi bado nagombana nalo, ndiyo maana kati ya video za "mbona" natupia moja pana ya kumkaribisha mgeni.

Halafu uchovu. Mara nyingi anayesema mawazo yameisha hajaishiwa, amechoka kupika, kupiga picha, kuhariri na kujibu watu, yote peke yake. Dawa yake ni kulala na kupunguza ratiba. Daftari litamsubiri.

Kama unaanza leo, anza na msimu, kwa sababu msimu unaleta maswali yaleyale kila mwaka na unajua tarehe zake. Mwezi wa Ramadhani unawahi kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi hesabu na urudi nyuma wiki tatu. Kaimati kunywa mafuta, tambi kushikana, mihogo ya nazi kukatika tui: hizo ziwe zimeshapanda kabla mwezi haujaandama, maana mtu akifika jikoni saa kumi na moja jioni anatafuta iliyopo. Katikati ya mwaka mchele mpya unaingia sokoni, na mchele mpya unataka maji kidogo kuliko uliokaa ghalani. Kila mwaka watu wanapika bokoboko na kumlaumu muuzaji. Nenda Mgandini au soko lolote lililo karibu nawe, simama kwenye mchele, sikiliza wateja wanamuuliza nini muuzaji kabla ya kupimiwa. Nenda na kalamu.