Kwa nini bunge la Nebraska lina mnara badala ya kuba kubwa?

Majengo mengi ya mabunge ya majimbo ya Marekani yamefanana kama watoto wa baba mmoja: kuba kubwa katikati, nguzo mbele, mabawa mawili pembeni. Mengi yanaliiga jengo la Bunge la Marekani, lile la Washington. Lakini ukikaribia Lincoln, mji mkuu wa Nebraska, unachokiona kwanza ni mnara wa mita 122 hivi.

Mwaka 1920 jimbo liliitisha shindano la wasanifu bila kuwabana kwa mtindo wowote. Mshindi alikuwa Bertram Goodhue, fundi wa makanisa. Alichora jengo pana na la chini, mraba wa mita 133 kila upande, kisha akachomoza mnara katikati. Nchi yenyewe ni tambarare tupu, basi kitu kirefu huonekana kutoka mbali sana.

Mpango huo ulikuwa na faida nyingine, na mimi ndiyo inayonifurahisha zaidi. Bunge la zamani lilikuwa papo hapo kiwanjani. Hawakulibomoa kwanza, walijenga mraba mpya kulizunguka, huku shughuli za serikali zikiendelea ndani. Ofisi zilipohamishwa, lile kuukuu likavunjwa na mnara ukapanda juu ya nafasi yake. Ujenzi ulichukua miaka 10, 1922 hadi 1932. Goodhue alifariki 1924, hakuuona mwisho wake. Gharama haikufika dola milioni 10, na kazi ilimalizika bila deni. Serikali ngapi zinaweza kusema hivyo?

Kuba lipo, ila dogo, la vigae vya rangi ya dhahabu, kileleni kabisa. Juu yake hakusimama jenerali wala malaika. Ni mkulima wa shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Lee Lawrie: pekupeku, kofia kichwani, mfuko wa mbegu ubavuni, mkono mmoja umenyooshwa kumwaga mbegu. Ana urefu wa karibu mita 6, ingawa kwa aliye barabarani haonekani kumzidi mwanasesere.

Chini ndani kuna kumbi mbili, moja ya kila baraza la bunge. Mwaka 1934, jengo likiwa bado linanukia upya, wapiga kura waliamua jimbo liwe na baraza moja tu. Tangu 1937 wabunge hukutana ukumbi wa magharibi. Ule wa mashariki ukabaki bila baraza lake.