Kura ya nafasi za shule ni nini, na ina haki kiasi gani?

Neno kura lina maana mbili kwetu. Kuna ile ya debeni, na kuna ile kongwe zaidi: vikaratasi vinakunjwa, vinatiwa kikombeni, kisha mtoto mdogo anaambiwa achote. Kina mama wanaocheza mchezo wa kuchangiana pesa hupanga zamu hivyo hivyo. Hata kura iliyomtosa Nabii Yunus baharini ilikuwa ya aina hii, si ya uchaguzi.

Kura ya nafasi za shule ni hii kongwe. Tuseme shule ina nafasi 100 na waombaji ni 400. Badala ya kutazama alama, pesa au jina la baba, majina yote yanachanganywa na 100 yanachotwa. Marekani zipo shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba, na zile zinazopokea ruzuku maalumu ya serikali kuu hutakiwa kupiga kura waombaji wakizidi nafasi. Mji wa Brighton, Uingereza, ulianza kuitumia 2008 pale watoto wa eneo moja walipozidi nafasi za shule yao, ili aliyenunua nyumba ubavuni mwa shule asiwe amenunua na kiti cha darasani.

Haki yake imo kwenye mkono unaochota, maana hauoni. Mtoto wa wakili na wa muuza viazi karai wako sawa mbele yake. Hapo sina ubishi. Lakini hebu turudi kwenye mchezo. Mama aliyepata nambari ya mwisho atachelewa tu, pesa zake zitamfikia. Mtoto aliyekosa shule hana zamu inayomngoja. Kura hugawa uhaba, haiuondoi.

Tena, nani alitia jina kikombeni? Kwanza sharti ujue kwamba kikombe kipo, ujue siku ya mwisho, na uwe na namna ya kumfikisha mtoto shuleni kila asubuhi. Na kwingi ndugu za wanafunzi waliomo tayari hutangulizwa, hata kabla vikaratasi havijakunjwa.

Kenya hatupigi kura. Anayeingia gredi ya 10, mwanzo wa sekondari ya juu, hupangiwa shule na mfumo wa kompyuta wa wizara, kwa kuangalia matokeo yake, shule alizozichagua na nafasi zilizopo. Hata hivyo, mzazi wa Likoni, Mombasa, utamsikia akisema, "Hii ni bahati nasibu tu." Maskini, anaionea kura bure! Kura ya vikaratasi hupigwa mbele ya watu, kila mtu akaona kikaratasi kikitoka. Kinachomkera yeye ni kutoona kilichofanyika ndani ya kompyuta.

Alama nazo huonekana za haki kwa kuwa ni nambari. Ila aliyesomea akademia, yaani shule ya kibinafsi, ya Nyali na aliyesongamana na wenzake kwenye darasa la shule ya umma huko Kisauni hawakuanza mbio mahali pamoja. Kisha inakuja karo. Ya bweni katika shule za kitaifa kama Shimo la Tewa na Mama Ngina imewekwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo hujanunua godoro, sanduku la bati wala sare. Wapo watoto wanaoshinda kwa alama, wakapata barua ya wito, na Januari ukawakuta shule ya kutwa ya mtaani.