Ngiri ya kwenye kovu haizibwi na mkanda

Yaani mtu akitokwa na uvimbe pale kwenye kovu la oparesheni anaambiwa nunua mkanda, kaza, piga sitapu, itapona yenyewe. Haiponi. Kilichoachia pale sio ngozi, ni ule utando mgumu unaoshikilia misuli ya tumbo, umeacha tundu na utumbo unachungulia kila ukikohoa au ukinyanyua ndoo, ukilala chali unaingia ndo watu wanadhani umepona. Mkanda unausukuma ndani tu, ukivua upo palepale.

Wengine wanasema basi dokta ashone tena kwa uzi mgumu yaishe. Mmh, Waholanzi walishapima hilo, matokeo yakatoka 2000: ndani ya miaka 3 ngiri ilitokea tena kwa asilimia 43 ya walioshonwa uzi tu, waliowekewa wavu asilimia 24. Wavu wenyewe ni plastiki laini, nyama inaota kupitia matundu yake. Sio uhakika mia kwa mia, na kama unavuta sigara au sukari iko juu kidonda kitasumbua, ndo maana dokta anaweza kukwambia rekebisha hayo kwanza.

Ila uvimbe ukigoma kuingia ndani, ukawa mgumu, unauma na unatapika, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali usiku huohuo.