Nyasi ndefu za uwanja wa gofu hazijilei

Viwanja vingi vya gofu vya kaskazini mwa Marekani vimeacha sehemu zisizochezewa sana ziote nyasi ndefu, hasa fesku, yenye majani membamba kama uzi. Maji yanapungua, mafuta ya mashine yanapungua. Na maneno yanaanza.

"Ukiacha kufyeka, kazi imekwisha." Imehama tu. Miaka miwili mitatu ya mwanzo, fesku ikiwa haijashikana, kila penye udongo mtupu gugu hukalia. Fundi aliyeshuka kwenye mashine sasa anatembea na bomba la dawa mgongoni, akilenga shina mojamoja.

"Magugu yakizidi, tia mbolea na maji nyasi zipate nguvu." Hili ndilo linaloharibu zaidi, maana kwenye mahindi linafaa. Fesku huridhika na udongo wa kichanga usio na rutuba, ambao huyashinda magugu mengi. Ukiurutubisha, unayapikia magugu karamu. Fesku nayo hunenepa, ikalala chini, na mpira ukiingia humo ndiyo kwaheri. Ndiyo maana wanapoifyeka, mara moja kwa mwaka hivi, makapi huzolewa: yakiozea pale ni mbolea.

"Mbaruti wa Kanada hufa ukikatwa." Kwanza gugu hili la miiba si la Kanada, asili yake ni Ulaya na Asia. Pili, aliyewahi kulima penye ndago anaijua habari hii. Mizizi hutambaa chini, na kipande kikibaki huchipua. Kuukata kabla haujachanua huzuia mbegu, basi. Dawa ya klopiralidi hushuka hadi mizizini na kuziacha nyasi salama, ingawa mara nyingi hurudiwa. Ila makapi yaliyopata dawa hiyo yasipelekwe kwenye mboji: nguvu yake haiishi upesi, na nyanya na maharage yatakuja kulipa.

"Gugu la jamii ya nyasi halina dawa ndani ya nyasi." Dawa ya sethoksidimu huua aina kadhaa za nyasi, fesku hiyo nyembamba ikabaki imesimama.

"Kisichopandwa ni gugu." Kuna mimea ya Asclepias, yenye utomvu mweupe, ambayo ndiyo chakula cha viwavi wa kipepeo monarki. Tangu 2018 shirika la mazingira la Audubon International lina mpango wa kuvihimiza viwanja vya gofu viipande makusudi. Huko, fundi mwenye bomba akiukuta mmea huo, anauruka.