Si TV iliyoanza kufifisha Kinyakyusa
Hapa Tukuyu, mji wa Wanyakyusa mkoani Mbeya, utasikia watu wazima wakisema: "TV ndiyo imewaharibia watoto Kinyakyusa." Si kweli. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ilhali Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu 1967. Shuleni, sokoni, kwenye ndoa za makabila mawili, huko ndiko watoto walikohamia Kiswahili. TV iliikuta safari imeanza. Imeiongezea kasi, hilo sikatai.

Lakini mtazamaji si gogo. Bibi yangu hutazama tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili huku anamenya ndizi, na humgombeza mama mkwe wa kwenye TV kwa Kinyakyusa. Wajukuu wanacheka, wanauliza maana ya neno, anawaeleza, kisha wanalirudia mpaka wakati wa kulala.