"Katoka chuo, usalama anaujua" na dhana nyingine ninazokutana nazo saiti

"Mwalimu, huyu katoka chuo, usalama anaujua tayari." Safari hii nimeisikia saiti ya ghorofa huku Njiro, kwa fomeni ambaye kwa mambo mengine namheshimu sana. Nafundisha uashi hapa Arusha na kila mwaka nazunguka kuwatazama vijana walio fildi. Kauli hii nimeisikia kwa wakandarasi, kwa wenye nyumba, hata kwa wazazi. Si kweli, na inaumiza watoto wa watu.

Kijana niliyemkuta pale nilimfundisha mwenyewe. Darasani alikuwa hodari wa kukagua mkanda wa usalama, ule unaomzuia mtu asianguke: mishono, bizimu, ndoano, kamba. Sasa alikuwa amesimama ukingoni mwa slabu, mkanda kauvaa, ndoano inaning'inia. Nikamwita chini. Akaniamkia, akainamisha kichwa: "Mwalimu, fundi mkuu mwenyewe hafungi. Nikifunga wananiita denti."

Kijana huyu hakusahau chochote. Kajifunza somo jipya, na kalijifunza ndani ya siku chache. Chuoni tunampa macho ya kuona hatari na maneno ya kuitaja. Lakini lipi linafanyika kweli kazini, hilo anafundishwa na saiti, na mwalimu wake huko ni fundi anayefanya naye kazi. Fundi akifunga ndoano, kijana atafunga bila kuambiwa. Fundi akicheka, miaka miwili ya chuo inakaa mfukoni pamoja na cheti.

Halafu mazingira hayafanani. Karakana ya chuo ina jukwaa la mabomba ya chuma juu ya sakafu ngumu, na hakuna anayekukimbiza. Saiti anakuta mirunda iliyogongwa misumari, udongo umenyeshewa, mashine ya zege inaunguruma tangu asubuhi. Zege halilali, kila mtu anajua. Siku hiyo mgeni wa wiki ya kwanza anapewa ndoo anaambiwa panda, na watu wote wanamsubiri yeye. Nani kamzoeza kusema "subiri kwanza, ubao huu unacheza"? Hapo na sisi walimu tuna deni. Mwanafunzi anakwenda fildi, mwalimu anafika mara moja, anasaini kitabu, anaondoka.

Shirika la Kazi Duniani lilieleza mwaka 2018 kwamba vijana wa miaka 15 hadi 24 huumia kazini kwa kiwango kinachoweza kuwa juu kwa asilimia 40 kuliko wakubwa wao. Na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe maelekezo, mafunzo na usimamizi. Cheti cha chuo hakimwondolei mwajiri mzigo huo.

Ninachowaomba wakandarasi kila mara hakina gharama. Mzungushe kijana saiti nzima kabla hujampa koleo. Mkabidhi kwa fundi mmoja anayefunga ndoano, hata kama si fundi mwenye kasi kuliko wote. Kikao cha asubuhi kiwe cha dakika kumi, kabla mashine haijawashwa, na mgeni aulizwe: jana uliona nini kimekaa vibaya? Akitaja ubao, ubao urekebishwe mbele yake. Kijana aliyeona neno lake limebadilisha kitu atasema tena kesho.

Yapo mengine. La maziwa, kwa mfano: eti ukikata zege au kupiga rangi, maziwa yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, vumbi liko kwenye mapafu. Vumbi la zege lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, na silika ikishatengeneza makovu kwenye mapafu hayaondoki. Mwagia maji unapokata, vaa barakoa ya vumbi inayobana usoni. Maziwa kunywa kwa sababu una njaa.

Na eti mkanda ukiufunga popote umepona. Pigeni hesabu. Kamba ya mita 1.8, kifyonza mshtuko (kipande cha kamba kinachofunguka ili kupunguza kishindo) kikifunguka kama mita 1, na kutoka ndoano ya mgongoni hadi nyayo kama mita 1.5. Hizo ni mita 4.3 kabla hujaweka akiba yoyote. Ukijifunga usawa wa slabu iliyo mita 3 kutoka chini, utafika ardhini kamba haijamaliza kazi yake. Funga juu ya kichwa, kwenye kitu kisichong'oka, au weka vizuizi ukingoni usianguke kabisa.

Wengine wanasema fundi wa mtaani hafundishiki. Nimewafundisha wengi waliokuja VETA, chuo cha ufundi stadi, kurasimisha ujuzi, yaani ujuzi wa mtaani utambuliwe rasmi, wengine na mvi, na maswali yao kuhusu mitaro inayobomoka yalizidi ya wanafunzi wangu wote. Wao wameiona ikibomoka.

Yule kijana wa Njiro nilipanda naye tena juu. Nilimwomba fundi mkuu afunge kwanza. Akanitazama kidogo, akafunga.