Sauti ya Mahalia Jackson ilivyopikwa

Mahalia Jackson, mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za injili, hakupata mafunzo rasmi ya uimbaji. Mimi nafundisha sauti kwenye kwaya hapa Dar es Salaam, na ningependa kila mwalimu mwenzangu ajue sauti ile ilitoka wapi.

Alizaliwa New Orleans, Marekani, mwaka 1911. Mama yake alifariki yeye angali mdogo, akalelewa na mama mkubwa aliyekuwa mkali na mshika dini. Shule aliiacha mapema, akawa anafua nguo za watu.

Kanisani kwao, kwa Wabaptisti, zipo tenzi zilizoimbwa polepole mno. Mmoja anatangulia na mstari, waumini wanaupokea na kuuvuta, silabi moja inabeba nota tano au sita. Pumzi hujengwa hapo. Lakini jirani na nyumbani palikuwa na kanisa la Utakatifu, lisilo na kwaya wala kinanda. Wao walikuwa na ngoma, matoazi, matari na pembetatu ya chuma, na kanisa zima likiimba kwa makofi na miguu. Mkazi wa Kimara au Mbagala hahitaji kuelezwa zaidi: wewe uko kwa Walutheri na nota zako za do-re-mi, ukuta wa pili Wapentekoste wamepandisha pambio mpaka benchi linatetemeka.

Tena kulikuwa na santuri za Bessie Smith, mwimbaji wa blues, nyimbo za dunia kabisa. Mama mkubwa akiwa hayupo, binti anazisikiliza huku akiupanga mdomo wake ili sauti itoke kama ile.

Alipohamia Chicago aliingia kwaya ya Greater Salem Baptist. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaenda kwa mwalimu mmoja wa sauti, Profesa DuBois. Akaambiwa aache kupiga makelele, akalipa dola 4, na hakurudi tena. Nami nasema alifanya vema. Santuri zake za kwanza, za mwaka 1937, hazikuuzika; lakini “Move On Up a Little Higher”, aliyoirekodi mwaka 1947, iliuza zaidi ya nakala milioni moja, na makelele yale yale yamo.

Hofu ya walimu naielewa. Sauti ya kifua ikisukumwa kwa shingo huumiza koo kweli. Ila dawa si kumwambia binti wa kwaya yako apunguze sauti. Mpe mstari mmoja wa tenzi, auimbe taratibu, mikono ikiwa ubavuni. Mbavu zikibaki zimetanuka mpaka neno la mwisho, mwache na ukali wake, hata soprano wenzake wakinung'unika. Mabega yakipanda na mishipa ya shingo ikitokeza, rudini kwenye pumzi, tena bila kugusa ukubwa wa sauti. Kuchanganyika na wenzake atajifunza baadaye, akishaimudu pumzi yake.